50mm f/1.8 usiku mitaani Lamu: kinachoharibu picha si chenga

Ndugu uliyeuliza, kwa faida ya wanaoingia sasa nitarudia swali lako kwa ufupi. Una kamera ya kihisi kidogo (wengine huita sensa, ila sensa kwetu ni ya kuhesabu watu), umenunua lenzi ya 50mm f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa), picha za mchana hazina neno, lakini baada ya magharibi barazani na vichochoroni sura zinatoka rangi ya machungwa, macho hayakai sawa, na ISO (wepesi wa kihisi kupokea mwanga) hupandishi zaidi ya 800 kwa kuogopa chenga, yaani vile vidoadoa vya picha za gizani. Nimezitazama picha tatu ulizoweka. Chenga si shida yako hata kidogo. Shida ni kasi ya shata (muda inaokaa wazi: 1/20 ni sehemu ya ishirini ya sekunde) na mahali fokasi, yaani ukali wa picha, inapoangukia.

Tuanze na hesabu. Ile 18-55 iliyokuja na kamera, ukiivuta mpaka 55, tundu lake kubwa kabisa ni f/5.6. Hii ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi, yaani hatua tatu na kitu (kila hatua ni mwanga mara mbili). Palipokuwa pa 1/15 sasa unapata 1/125 na ushee. Sasa wewe hatua zote tatu umezitumia kushusha ISO, kasi ukaiacha palepale. Ile picha ya mzee aliyeketi ni f/1.8, 1/20, ISO 800. Ungeweka 1/80 na ISO 3200 ungepata mwangaza uleule, na mkono wako usingeonekana ndani ya picha.

Ikuze hiyo picha uangalie kofia yake. Nyuzi za darizi zimekuwa mbili mbili, na mistari ya mlango nyuma yake nayo ni mbili mbili, zote upande mmoja. Hapo ni mkono umetikisika. Kama mlango ungekuwa mkali na uso ndio umefifia, basi ni yeye aliyesogea. Na kama sikio limekaa vizuri huku jicho limeyeyuka, hiyo ni fokasi. Tatu hizi tiba zake ni tofauti, na ndiyo maana mtu akikwambia tu "nunua tripodi" hajakusaidia: tripodi inatibu ya kwanza peke yake.

Kwa 50mm kwenye kihisi kidogo, mkono wa kawaida unataka 1/80 kwenda juu, kwani kihisi hicho kinaikata picha kama lenzi ingekuwa ya 75 au 80. Lenzi hizi ndogo za Canon na Nikon hazina kizuia mtikisiko ndani. Watu waliokaa wakizungumza, 1/125, maana mikono na midomo haitulii. Anayetembea, 1/250. Kirumbizi (mchezo wa bakora) au goma la Maulidi, 1/250 ndiyo ya chini, na ncha za bakora bado zitakimbia. Ziache zikimbie, zinapendeza. Weka modi ya M (tundu na kasi unapanga mwenyewe), funga f/2 na 1/125, kisha iachie kamera ipange ISO yenyewe mpaka 6400. Kamera nyingi za kihisi hiki zilizotengenezwa miaka kumi iliyopita zinatoa 3200 ya kutundikwa ukutani na 6400 ya kutosha simu na magazeti. Wali wa chenga unalika. Na kibaya kuliko ISO kubwa ni kupiga picha ya giza kwa ISO ndogo halafu kuiangaza kwenye kompyuta: chenga zinazotokea vivulini hapo ni nyingi zaidi, na zina rangirangi.

Sasa fokasi, ambayo ndiyo inayowashinda wengi. Ukiwa mita moja na nusu kutoka kwa mtu, kwa 50mm f/1.8, unene wa kilicho kikali ni kama sentimita 6 na nusu. Sogea mpaka mita moja, umebaki na sentimita 3 hivi. Kutoka ncha ya pua mpaka jicho tu zimekwisha. Kosa la kila siku ni kushika fokasi kwa nukta ya kati, kisha kuzungusha kamera kupanga picha. Ukizungusha kwa nyuzi 15 ukiwa mita moja na nusu, fokasi inahama kwa sentimita 5. Jicho limekwenda, sikio limebaki. Kwa hiyo panga picha kwanza, halafu sogeza nukta ya fokasi mpaka juu ya jicho lililo karibu nawe. Ikiwa kamera ni ya kioo (DSLR) na nukta za pembeni zinababaika gizani, tumia ya kati lakini usizungushe; piga kwa nafasi zaidi, ukate baadaye. Au funga tundu mpaka f/2.8, unene unafika sentimita 10, na unalipia hatua moja na theluthi ya mwanga.

Gizani lenzi ikianza kwenda na kurudi bila kushika, usiilazimishe kwenye shavu wala kwenye buibui. Nguo nyeusi tupu haina cha kushikia. Ipe mpaka wa mwanga na giza: ukingo wa kofia, ushungi unapokutana na paji la uso, au kile kinukta cha taa kinachong'aa ndani ya jicho. Ile taa ndogo ya kamera inayosaidia fokasi izime. Inamulika watu usoni, wote wanageuka, na uliyokuwa ukiitaka imeshapita.

Haya yote, hata hivyo, ni madogo mbele ya mahali unapomweka mtu. Balbu moja ikiwa mita mbili kutoka usoni, ukimsogeza mtu ikawa mita moja, mwanga unaomfikia ni mara nne: hatua mbili nzima. Kutoka f/1.8 kwenda lenzi ghali ya f/1.4 unapata theluthi mbili za hatua. Basi hatua moja ya miguu inashinda dukani kote. Kichochoro cha Lamu usiku si giza sawasawa. Ni vidimbwi vya mwanga. Mlango wa duka lililo wazi, taa ya pembeni ya msikiti, balbu ya daka (kibaraza cha mlangoni). Simama upande wa giza, mngoje mtu aingie kwenye kidimbwi, au kama ni picha ya kupangwa mweke hatua moja nje ya mlango wa duka, mwili umeelekea ndani, uso nusu. Usimweke chini kabisa ya balbu ya daka: macho yatakuwa mashimo. Mvute nje kidogo mpaka uone nukta ya mwanga ndani ya macho yote mawili. Kuta zetu za chokaa nazo ni kiakisi cha bure. Taa ikiwa upande mmoja na ukuta mweupe nusu mita upande wa pili, kivuli cha shavu kinajaa chenyewe.

Ukuta huohuo mweupe ukiwa nyuma ya mtu ni mtihani. Kipimo cha kamera kinataka kila kitu kiwe kijivu, hivyo kikiona chokaa nyingi au kanzu kinapunguza mwanga na uso unakuwa giza, sahihisha mwangaza kwa hatua +0.7 mpaka +1. Kikijaa buibui au mbingu ya usiku kinafanya kinyume, kinaugeuza usiku kuwa asubuhi na kuunguza uso, punguza -0.7 mpaka -1. Ukiwa na modi ya M na ISO ya kamera, kamera nyingi hukubali kusahihisha hivyo, lakini zipo za zamani zinazokataa. Kwa hizo piga kwa modi ya A au Av (wewe unapanga tundu, kamera inapanga kasi), ukichunga kasi isishuke.

Rangi ya machungwa: ile ni balbu ya njano, joto lake la rangi kama 2700 hadi 3000K, na kamera ikijipangia yenyewe haifiki huko. Piga RAW (faili ghafi la kamera), na kwenye kamera weka mizani ya rangi kama 3200K ili ibaki kidogo ya joto, la sivyo uso unakuwa wa hospitali. Palipo na taa mbili, njano ya daka na nyeupe ya LED ya duka, chagua ile inayomgusa usoni na nyingine iwe itakavyokuwa. Tazama pia grafu ya mwangaza (histogramu) ya nyekundu peke yake. Kwenye taa ya njano, nyekundu hujaa na kukatika kabla grafu ya jumla haijakuonya, na shavu lililokatika hivyo linakuwa bapa kama karatasi.

Picha yako ya tatu ina mistari ya giza kulala. Si ugonjwa wa lenzi. Umeme wetu ni wa 50Hz, taa nyingi za LED za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde, na ukitumia shata ya kimya ya kielektroniki kila kipepeso kinaandikwa kama mstari. Rudi kwenye shata ya kawaida, na kasi iwe 1/50 au 1/100. Kama watu wanatembea na 1/100 haitoshi, vumilia mistari hafifu au hamia chini ya taa nyingine. Zile nukta za kijani upande wa pili wa taa, nazo, ni kioo cha ulinzi ulichokifunga mbele ya lenzi. Kifungue usiku. Kofia ya lenzi, kile kikingio cha mbele kilicho wazi, inatosha kulinda.

Kuhusu bahari. Mji umeelekea mashariki, jua linazama nyuma yetu, kwa hiyo anayekaa mbele ya mji kungoja machweo juu ya maji atangoja sana. Vivuli vya matanga na jua ni vya alfajiri, jua likitokea upande wa kisiwa cha Manda, ng'ambo. Jioni kinachopatikana hapo ni mbingu ya samawati na taa za mji, na muda wake ni mfupi. Jua linazama kati ya saa 12 na dakika chache (Novemba) na saa 12 na nusu na ushee (Februari), na mwanga mzuri unaisha kwa dakika 20 hivi. Mashua inayoelea hairuhusu kasi ya chini hata ukiwa na tripodi, maana inayosogea ni mashua. Angalia maji: yakiwa yamekupwa na vyombo vimelala matopeni, hapo unaweza kufunga f/5.6, ISO 100, sekunde nzima mbili, kamera juu ya ukuta na saa ya kujipiga ya sekunde 2 ili kidole kisiiguse. Gatini usijaribu, kila mpita njia anaitikisa. Mkononi, egemea ukuta, viwiko mbavuni, toa pumzi, piga tatu mfululizo. Mara nyingi ya pili ndiyo kali, kwa sababu kidole kimeshatulia.

Flashi kwenye zefe (msafara wa sherehe) au msikitini hapana. Na kina mama, uliza kwanza. Kwenye shughuli zao za harusi kamera usiitoe kabisa, haijalishi lenzi ni ndogo kiasi gani.

Umeuliza pia kama uongeze 35mm. Kwa mji huu, ndiyo, na kama ningekuwa nanunua moja tu ningeanza nayo. Mtu aliyesimama, mzima, kwa 50 kwenye kihisi kidogo anataka zaidi ya mita 4 nyuma yako. Kwenye daka au chumba cha ndani mgongo umeshagonga ukuta. Kwa 35 ni mita 3. Nikon ana 35mm f/1.8G ya DX, nyepesi na nzuri. Canon wa bei hiyo ana 24mm f/2.8, ambayo inapoteza hatua moja na theluthi. Ukinunua ya mkono wa pili, jihadhari na Nikon 50mm f/1.8D: haina mota ndani, na kwenye kamera za D3000 na D5000 kwenda mbele za ukoo huo utazungusha fokasi kwa mkono.

Mulika lenzi ya mkono wa pili kwa tochi ya simu kutoka nyuma, tundu likiwa wazi. Vumbi kidogo si kitu. Ukiona nyuzi kama za buibui, mdudu, zimetanda kutoka ukingoni, hiyo ni kuvu ya unyevu, irudishe. Yako ihifadhi kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kukaza pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, si mchele, maana mchele una vumbi. Na ukitoka chumba chenye AC, acha kamera ndani ya begi nusu saa kabla ya kuifungua nje. Ukiharakisha, kioo cha mbele kitatoka jasho, na kukifuta hakusaidii kitu mpaka lenzi yenyewe ipate joto.