Gari-nyumba la mtumba kutoka Uingereza au la kujengwa Kampala?

Swali: Habari za kazi, Injinia. Mimi na kaka yangu tuna biashara ndogo ya kukodisha magari kwa watalii hapa Fort Portal. Wageni wengi siku hizi wanataka gari la kulala humo humo, lenye kitanda, jiko na friji, waende nalo mbuga za Queen Elizabeth, Murchison, mpaka Kidepo. Tumepata gari-nyumba la mtumba kutoka Uingereza, la mwaka 2014, usukani kulia, bodi yake juu ya Fiat Ducato. Karakana moja ya Kampala nayo iko tayari kutujengea chumba juu ya chasi ya lori dogo la Isuzu Elf kwa bei inayokaribiana. Kaka anasema cha nje kimepita mikononi mwa watu wanaojua kazi, cha hapa ni cha mafundi wa mtaani Katwe, Kampala, tu, kitavuja mvua ya kwanza. Mimi sina uhakika. Ubora wa vitu hivi unapimwaje, na wewe ungechagua kipi?

Jibu: Ndugu yangu, kwa njia ulizozitaja, mimi ningejenga hapa Kampala. Ila ningejenga kwa sharti moja: niruhusiwe kuikagua kazi ikiwa bado iko wazi, kabla ukuta haujafunikwa. Karakana ikikataa sharti hilo, hata ikinipunguzia bei, naondoka. Hoja ya kaka yako naisikia kwa wateja wengi na inastahili jibu la heshima, kwa hiyo nitaanza nayo.

Huko nje kunakoaminiwa na kaka yako, kazi hii inafanywaje? Sehemu kubwa ya karavani na magari-nyumba ya Amerika Kaskazini hutoka eneo moja, Elkhart na wilaya jirani katika jimbo la Indiana, Marekani. Mwaka 2021 viwanda vya Amerika Kaskazini vilitoa zaidi ya magari 600,000 ya aina hiyo. Wafanyakazi wengi wa viwanda hivyo hulipwa kwa idadi ya magari yanayotoka, na mtu anayelipwa hivyo amelipwa akimbie. Skrubu ikikosa mbao nyuma ya paneli, haoni sababu ya kurudi kuitoa. Ndiyo maana wanunuzi wa huko wamezoea kurudisha gari jipya kwa muuzaji mara mbili tatu: paa linavuja, mlango haukai sawa, waya umechomoka. Na gari hilo hilo lina stika ya chama cha watengenezaji, RVIA, karibu na mlango. Stika ile inahusu usalama wa moto, gesi, umeme na mabomba, mambo makubwa kweli, lakini haimwahidi mtu kwamba paa halitavuja.

Australia nako, ambako karavani huuzwa kwa sifa ya kuhimili jangwa, tume yao ya ushindani na walaji, ACCC, ilitoa ripoti mwaka 2022. Kati ya wenye karavani mpya waliojibu maswali yake, 80 katika kila 100 walisema walikutana na tatizo. Waliojibu walijitokeza wenyewe, na mwenye malalamiko hujitokeza haraka kuliko aliyeridhika, kwa hiyo usiichukue kuwa hesabu ya nchi nzima. Hata hivyo inatosha kukuonyesha kuwa chumba juu ya magurudumu ni kitu kigumu kujenga popote pale. Kinatikiswa kama daraja la mbao, kina madirisha, mabomba na gesi, na kila tundu linalotobolewa ni njia ya maji.

Sasa kaka yako. Hajakosea kuwa na wasiwasi. Ameona milango ya chuma iliyopinda na magari yaliyopakwa rangi juu ya kutu. Lakini sifa ya nchi ni kitu kinachochelewa, hufuata kazi kwa mbali. Mwaka 1887 Uingereza ilipitisha sheria ya kulazimisha bidhaa za nje ziandikwe zilikotoka, na waliolengwa hasa walikuwa Wajerumani, kwa sababu visu na vyombo vyao vilionekana ni uigaji wa bei rahisi. Maandishi yaliyokusudiwa kuwa onyo yakageuka sifa ndani ya miaka michache. Japani vilevile: Toyota walipeleka gari lao la Crown Marekani mwaka 1957, likashindwa na mwendo wa barabara kuu za huko, wakalazimika kuliondoa sokoni. Leo hapa Uganda nani anahoji Land Cruiser? Kati ya hapo na leo Wajapani walikazana na jambo lisiloonekana dukani: kupima kila hatua na kurekebisha chanzo cha kosa. Katika viwanda vya Toyota mfanyakazi wa kawaida akiona kasoro anavuta kamba, na kazi ikishindwa kurekebishwa papo hapo, mstari mzima unasimama.

Hilo ndilo swali la kuuliza karakana yoyote. Hapa fundi akiona kosa la mwenzake, ana ruhusa ya kusimamisha kazi, au ataambiwa gari linahitajika Ijumaa?

Mafundi wa Katwe na Ndeeba mikono wanayo. Hiace nyingi za watalii zenye paa la kuinuka zimekatwa na kuungwa hapa hapa mjini, na kila siku zinabeba watu kwenda mbugani. Kinachokosekana mara nyingi ni mchoro, vifaa vinavyostahili na mtu wa kukagua aliyelipwa kukagua. Na hapo mteja ana sehemu yake. Anayebana bei mpaka tone la mwisho ndiye anayefanya paa lizibwe kwa silikoni ya bafuni badala ya mastiki ya magari, kisha akitoka analaumu Katwe.

Kuhusu gari la Uingereza. Kwanza uelewe cheti chake kinasema nini. Ukaguzi wa mitumba kabla ya kusafirishwa, unaosimamiwa na shirika la viwango la Uganda, UNBS, huangalia kama gari linafaa barabarani: breki, taa, usukani, tairi, chasi. Hauingii kwenye ukuta wa chumba cha kulala. Sheria yetu ya 2018 inayozuia magari yaliyofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa nayo inahesabu umri tu, na chumba kinaweza kuoza kikiwa na miaka sita. Kwa hiyo mwombe muuzaji ripoti ya unyevu. Mafundi wa huko hupima kuta kwa kifaa maalumu, kona kwa kona, na kuandika asilimia kwenye mchoro wa gari. Chini ya 15 ni sawa. Kati ya 15 na 20 ni ya kufuatilia. Ikizidi 20, maji yanaingia mahali. Ikizidi 30, hesabu kwamba mbao za ndani zimeanza kuoza. Taka ripoti za miaka mitatu mfululizo, maana namba inayopanda mwaka hadi mwaka inakueleza mengi kuliko namba moja. Kama hana, mtu wako aliye huko abonyeze kuta kwa kidole gumba chini ya madirisha na kwenye kona za mbele. Panapobonyea, biashara imeisha.

Hata likiwa kavu kabisa, bado nina shaka nalo kwa kazi yenu. Ducato huvutwa na magurudumu ya mbele, liko chini, na nyuma ya ekseli kuna bodi ndefu inayoning'inia. Lilijengwa kwa lami. Kwenye murram, yaani barabara za udongo na changarawe, ya Karamoja iliko Kidepo, wakati wa mvua litakwama mahali ambapo mgeni wako hana mtu wa kumvuta. Spea za Toyota na Isuzu utazipata soko la Kiseka, Kampala, asubuhi hiyo hiyo, za Ducato utaagiza na kusubiri huku gari limesimama. Kizuri chake ni kwamba umeme wa ndani na plagi vinafanana na vyetu, tofauti na magari ya Marekani yanayotumia volti 120 na usukani kushoto. Kama wageni wenu wangeishia Entebbe, Jinja na Mbarara, ningekujibu vingine.

Tuje kwenye kujenga. Kwa Kidepo tafuta Elf yenye gia ya magurudumu yote manne. Kisha jambo la kwanza kabisa, na ndilo linaloua vyumba vingi, ni namna bodi inavyokaa juu ya chasi. Chasi ya lori hujipinda, imetengenezwa ijipinde. Gurudumu moja likishuka shimoni, mbele inaelekea huku na nyuma kule. Chumba ni sanduku gumu, hakitaki kujipinda. Ukikifunga kwa boliti pande zote bila nafasi, kitapasuka kwenye kona za milango na madirisha, na kupitia nyufa hizo maji yataingia. Chumba kinahitaji fremu yake yenyewe, iliyofungwa imara upande mmoja na kuachiwa kucheza upande mwingine kwa springi au raba nzito. Ukaguzi wako wa kwanza ni hapa. Wapandishe gurudumu moja la nyuma juu ya jiwe au gogo la sentimita 25 hivi, uangalie fremu ya chumba: ikijipinda pamoja na chasi, warudie. Kila boliti iliyokazwa ipigwe mstari wa rangi kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma. Mstari ukikatika baadaye, nati imelegea, na dereva ataiona bila spana.

Ukaguzi wa pili ni siku ambayo mifupa na waya zote zimewekwa, na ukuta wa ndani haujapigwa. Chukua picha ya kila mita. Waya unaopita kwenye tundu la chuma lazima uwe na raba, la sivyo mtikisiko utaula mpaka uguse bodi. Fyuzi kuu ikae karibu kabisa na betri, maana kipande cha waya kabla ya fyuzi hakina ulinzi. Pima unene wa waya wa friji pia. Friji ya volti 12 inayovuta ampea 5, ikiwa mita tano kutoka kwenye betri, kwa waya wa milimita 1.5 za mraba inapoteza zaidi ya nusu volti njiani. Ukiweka wa milimita 4 inapoteza kama robo tu hata haifiki. Hiyo nusu volti ndiyo inayofanya friji izime saa nane usiku betri ikiwa bado na nguvu, na mgeni akalaumu friji.

Mbao pia ziangaliwe hapo. Baada ya kimbunga Katrina cha 2005, serikali ya Marekani iliwapa waathirika karavani mpya, na watu wakaanza kulalamikia macho na vifua. Kituo chao cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilitangaza mwaka 2008 kuwa katika karavani 519 zilizopimwa, gesi ya formaldehyde ilikuwa juu kuliko kawaida ya nyumba. Gesi hiyo hutoka hasa kwenye gundi ya mbao za kubandikwa, na hutoka zaidi palipo na joto. Chagua plaiwudi ya majini, epuka chipubodi, na weka matundu ya hewa yasiyozibika. Mtungi wa gesi ukae kwenye kabati lililofungwa upande wa chumbani, lenye tundu sakafuni linalotoka nje, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutuama chini.

Ukaguzi wa tatu ni wa maji, nao msikubali kuuharakisha. Mtu mmoja awe ndani na tochi, mwingine nje na mpira wa maji. Mwagia kuanzia chini, dakika kumi kila sehemu, ndipo mpande: mkianza na paa, maji yatateremka na hamtajua yameingilia wapi. Kuna njia nyingine nzuri zaidi inayotumiwa na wakaguzi wa Marekani, na karakana inaweza kuiiga kwa feni. Chumba kinafungwa, matundu yote ya hewa yanazibwa kwa muda, feni inasukuma hewa ndani kidogo, kisha viungio vya nje vinapakwa maji ya sabuni. Povu linapofuka ndipo palipo na mwanya, hata kama mvua bado haijapapata.

Baada ya hapo gari lipelekwe mizani likiwa na kila kitu, tangi la maji likiwa limejaa. Lita 100 za maji ni kilo 100, watu husahau. Pima ekseli moja moja na ulinganishe na kibati cha uzito kilicho kwenye gari. Kisha liendeshwe kilomita 200 kwenye murram mbaya, nati za magurudumu zikazwe tena baada ya kilomita 50 za mwanzo, na mistari ya rangi itazamwe yote.

Fedha zifuate ukaguzi huo. Lipeni kwa awamu, kila awamu baada ya hatua kupita, na asilimia 20 ya mwisho ibaki mkononi mwenu mpaka gari lirudi kutoka murram. Mkataba uandike dhamana ya kuvuja ipite angalau msimu mmoja wa mvua, na Fort Portal mvua si haba. Badiliko la bodi liandikwe kwenye kadi ya usajili kabla hamjakata bima. Karakana ikishawapa mchoro, nitumie nikuangalizie viungio vya chasi kabla hawajaanza kuchomelea.