Tairi gani kwa changarawe za Chianti?

Ndugu, umeuliza kama baiskeli ya mbio yenye tairi za milimita 25 itafaa kwenye vilima vya Chianti, Italia. Itapita, ila itakutesa. Funga za 35 hadi 40 na upunguze upepo kidogo. Zile barabara nyeupe za changarawe zina vumbi kiangazi, na mvua ikinyesha ni tope linalonata mpaka kwenye breki. Tafuta gia nyepesi, gia kubwa kuliko zote ya nyuma iwe na meno 34 angalau, maana vilima vya huko ni vifupi lakini vikali, na vinafuatana bila huruma shamba la mizabibu baada ya jingine.

Kinachoangusha watu hasa ni kushuka. Changarawe hulundikana kwenye kona. Ukibana breki ya mbele hapo, umekwenda chini. Punguza mwendo kabla ya kona.

Anzia Gaiole, mji mdogo wa huko Chianti, ufuate vibao vya njia ya L'Eroica, tamasha la baiskeli. Yote ni kama kilomita 209, kwa hiyo chagua kipande. Tamasha lenyewe la Oktoba (lipo tangu 1997) linataka baiskeli za zamani, za kabla ya 1987, kwa hiyo yako haitaruhusiwa. Mvinyo uache hadi jioni.