Mji wa Waswisi kule Marekani na babu wa Ulyankulu

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi msomaji wako wa hapa Ulyankulu, Tabora. Babu yangu aliingia Tanzania 1972 akitokea Burundi na mpaka leo jioni anatuhadithia walivyoletwa hapa wakakuta pori tupu. Juzi jamaa mmoja kanionyesha kwenye simu picha za mji fulani Marekani, nyumba zote za mtindo wa Uswisi, anasema ulianzishwa na maskini waliokimbia shida Ulaya. Nikabisha, Mzungu maskini? Ni kweli? Na imekuwaje safari yao inajulikana mpaka tarehe wakati sisi hapa hata mwezi waliofika wazee tunabishana?

JIBU: Marahaba mwanangu. Jamaa yako kasema kweli, na mji wenyewe nadhani ni New Glarus, upo Wisconsin, kaskazini kati ya Marekani, mji mdogo tu wa wafugaji. Waanzilishi walitoka jimbo la Glarus, Uswisi, bonde lililobanwa na milima, ardhi ya kulima kiduchu, watu wengi, na kazi ya kufuma vitambaa kwa mikono iliyokuwa inalisha familia ilikuwa inaliwa na mashine. Yani umaskini wa kweli kabisa.

Kilichonigusa mimi ni walivyojipanga. Hawakuondoka hivi hivi kila mtu na lwake, walitangulizwa watu wawili, Nicholas Duerst na Fridolin Streiff, waende kutafuta ardhi, na wakanunua ekari 1,200 za shamba na 80 za msitu wa kuni na mbao. Nyuma yao, tarehe 16 Aprili 1845, wakaondoka watu 193, wanawake na watoto humo humo, kwa maboti ya mtoni halafu meli halafu tena mito ya Marekani, na njiani wakapoteana kabisa na wale wawili ikabidi watume wengine wakawatafute. Agosti wakafika kama 108 tu, wengine walifia njiani, wengine walibaki miji waliyopitia. Wakajenga kibanda cha pamoja kwanza. Kisha ardhi ikagawanywa kwa kura, ekari 20 kila familia.

Hilo la pori tupu lakini tuliangalie vizuri. Ile ardhi ya New Glarus ilikuwa nchi ya Waho-Chunk, wenyeji wa pale tangu zamani, na serikali ya Marekani ndo kwanza ilikuwa imewatoa kwa mikataba kati ya 1829 na 1837, miaka michache tu kabla Waswisi hawajafika. Hata hapo mlipo ni Unyamwezi, nchi ya Mtemi Mirambo, babu alikuta pori ila pori lina wenyewe, na mimi naona hadithi isimulie na hilo.

Maisha je? Walianza na ngano kama kila mtu Wisconsin enzi hizo, wakalima mwaka baada ya mwaka mpaka udongo ukachoka, wadudu wakaingia, bei ikaanguka. Nyie wa tumbaku mnaijua hiyo. Wakarudi kwenye kitu walichokijua tangu kwao, ng'ombe wa maziwa na jibini. Mwaka 1868 Nicholas Gerber akaanzisha kiwanda cha jibini wilaya hiyo, vikafuata vingi, na 1910 kikafunguliwa cha maziwa ya kopo hapo hapo mjini. Hicho kilipofungwa 1962 ndipo wakazidi kuzipamba nyumba Kiswisi ili wageni waje, ndizo picha ulizoonyeshwa.

Sasa tarehe. Kwenye lile kundi la safari alikuwemo Mathias Duerst, akawa anaandika kwenye daftari yanayotokea njiani. Daftari likatunzwa, baadaye likachapishwa. Basi ni hilo tu mwanangu, mtu mmoja aliyeandika.

Na wewe una babu mzima anayeongea! Chukua hiyo simu jioni ya leo, bonyeza kurekodi, muulize walipita mpaka upi, waliletwa na gari gani, mvua zilikuwa zimeanza au bado (hapo mwezi utaupata), usiku wa kwanza walilala wapi, shamba la kwanza alikatiwa na nani na alipanda nini. Asipokumbuka kitu usimlazimishe, kamuulize na mzee wa jirani. Ukimaliza niletee, nafasi ya kurasa nitakutafutia.