Kikombe cha siagi ni kipi?

Nyinyi mnaoanza kuoka, swali la kwanza mtakalolisikia mkija jikoni kwangu hapa Busia ni hili: kikombe chako ni kipi? Nilianza kuliuliza baada ya keki ya kwanjula, ile sherehe ya Uganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa binti, kuharibika, na aliyeiharibu ni mimi. Nilimwambia binti niliyekuwa namfundisha, "Weka siagi kikombe kimoja," nikatoka kufuata mayai. Naye akachukua tumpeco, ile ya plastiki ya nusu lita tunayonywea uji, akashindilia siagi mpaka ukingoni. Nilipofungua oveni, keki ilikuwa imebonyea katikati na pembeni inachemka mafuta kama sambusa karaini.

"Lakini mama, si ulisema kikombe?"

Nilisema, kweli.

Kikombe cha mapishi ya Kimarekani ni mililita 237, na siagi ya kukijaza ni gramu 227. Cha Australia ni mililita 250, siagi kama gramu 240. Tumpeco yetu ilibeba karibu 480, zaidi ya mara mbili. Kijiko kikubwa cha Wamarekani ni gramu 14 hivi, kijiko cha chai karibu 5. Mkikuta mapishi yao yanataja stick moja, hicho ni kipande cha siagi cha gramu 113, yaani nusu kikombe. Na tafadhali, msihamishie namba hizi kwenye vitu vingine. Kikombe hichohicho cha unga wa ngano ni kama gramu 120 tu, na cha sukari ni 200.

Mimi siku hizi sipimi siagi kwa kikombe kabisa. Siagi ngumu huacha mapengo chini, iliyopigwa imejaa hewa, na nyingine hubaki imeng'ang'ania kikombe hata ukikwangua namna gani. Nunua mizani ndogo ya betri. Weka bakuli juu, irudishe kwenye sifuri, kisha kata siagi humo. Hakikisha mizani yako haidanganyi: mimina maji mililita 500 na uone kama inasoma gramu 500. Ikianza kuyumbayumba, badilisha betri kabla hujalaumu mapishi. Ile mizani ya kuning'iniza ya muuza nyama iacheni buchani, haioni tofauti ya gramu kumi.

Kama mizani bado, tumia kisu. Pakiti ya gramu 250 ikatwe katikati, kila nusu ni 125. Ukitaka 113, punguza kwenye hiyo nusu kipande kinachokaribia kijiko kikubwa kimoja. Ukitaka 227, chukua pakiti nzima upunguze kijiko kikubwa kimoja na zaidi ya nusu. Njia nyingine ni maji: mimina mililita 200 za maji baridi kwenye jagi lenye alama, tumbukiza vipande vya siagi baridi mpaka maji yafike 320, na hapo una nusu kikombe. Siagi huelea, kwa hiyo ididimize kwa kijiko ndipo usome. Ukimaliza, mwaga maji na uikaushe siagi kwa kitambaa.

Mapishi yakitaka siagi iliyoyeyushwa, pima kwanza, yeyusha baadaye. Uzito haubadiliki, ila usiiache ikatokota, maana maji yake yataondoka kwa mvuke.

Maji hayo ndiyo yanayowashangaza wanaobadilisha siagi kwa samli, hasa hii nzuri inayotoka Ankole, magharibi mwa Uganda. Siagi ni mafuta kama asilimia 80, sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji. Samli ni mafuta karibu matupu. Kwa hiyo penye gramu 100 za siagi, mimi huweka 80 za samli na kijiko kikubwa kimoja cha maziwa. Na chumvi naiongeza mwenyewe, kama siagi ya mapishi ilikuwa ya chumvi.