Kwa mlioingia kikundini: Lupita kabla ya tuzo

Wadogo zangu, salaam.

Jumamosi iliyopita mlikuja saba, mkakaa kwenye mizizi ya ule mwembe wa Cheyo tunapofanyia mazoezi. Nilipomuuliza kila mmoja anataka nini katika sanaa hii, wanne mlitaja jina moja: Lupita. Aliyekaa mwisho akaongeza, "Nataka nifike alipofika." Sikujibu siku ile, maana giza lilikuwa linaingia na wengine mnakaa mbali, Ipuli na Kiloleni. Nimekaa na neno hilo wiki nzima. Nina miaka 19 katika kazi hii hapa Tabora, nimepokea vijana wengi na nimeona wengi wakiondoka, na ninaamini maisha ya Lupita Nyong'o, mwigizaji wa filamu na jukwaa kutoka Kenya, yana mengi ya kuwafundisha. Ila hayapo pale mnapoangalia.

Nyie mnamwanzia usiku wa tarehe 2 Machi 2014, amevaa lile gauni la bluu, tuzo ya filamu ya Oscar mkononi, siku moja tu baada ya kutimiza miaka 31. Mimi namwanzia miaka kama kumi nyuma.

Alizaliwa Mexico City mwaka 1983, wakati baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, alipokuwa akifundisha huko, nje ya Kenya kwa sababu za kisiasa. Akarudishwa nyumbani angali mchanga, akakulia Nairobi. Akiwa na miaka 14 alicheza Juliet jukwaani na kikundi cha Phoenix Players. Mtoto aliyeshika nafasi kubwa kama hiyo angeweza kudhani ameshamaliza. Lakini ilipokuja kushutiwa Kenya ile filamu ya The Constant Gardener, iliyotoka mwaka 2005, Lupita hakuwa mbele ya kamera. Alikuwa nyuma yake, msaidizi katika uzalishaji.

Aliyewahi kufanya kazi hiyo, hata kwenye filamu zetu ndogo za hapa, anaijua. Unawahi kabla ya wote. Unazuia bodaboda zisipite sauti inaporekodiwa, unamtafuta mwigizaji aliyeenda kununua vocha, unashika mwavuli juani. Hakuna anayekupiga picha. Lakini unaona. Unaona mwigizaji mkubwa anavyokosea mara sita kabla ya ile ya saba mtakayoisifia nyote. Huko ndiko Lupita alikomwambia Ralph Fiennes, mwigizaji mkuu wa filamu hiyo, kwamba naye anatamani kuigiza. Yule bwana hakumpamba kwa maneno matamu. Alimweleza, kwa ufupi, aingie katika kazi hii ikiwa tu anaona hawezi kuishi bila kuigiza. Wengi wangeondoka wamenuna. Yeye alibaki na swali hilo miaka kadhaa.

Mwaka 2006 ikatoka filamu nyingine aliyoifanyia kazi nyuma ya kamera, ya muongozaji Mira Nair. Shikeni jina hilo. Mwaka 2016, Mira Nair huyohuyo ndiye aliyemwongoza Lupita katika Queen of Katwe, akicheza mama wa Kiganda anayelea watoto peke yake katika mtaa wa Katwe, Kampala. Miaka kumi kati ya kumtumikia mtu na kuigiza mbele yake! Ndiyo sababu nawaomba msinung'unike ninapowapa miezi mitatu ya mwanzo bila mstari hata mmoja, mkibeba maleba, mkipanga viti, mkishika skripti za wenzenu. Najua wapo walioondoka kikundini kwa ajili hiyo. Mmoja aliniambia hakuja kufagia. Nilimwelewa, na niliumia, kwa sababu alikuwa na sauti nzuri kuliko wote wa mwaka ule.

Sasa njooni kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote katika maisha yake. Mwaka 2009 Lupita alikuwa ametoa filamu yake ya hali halisi kuhusu watu wenye ualbino nchini Kenya, jambo ambalo sisi wa kanda hii tunalijua kwa maumivu, na alikuwa ameigiza katika tamthilia ya televisheni ya vijana iitwayo Shuga. Angeweza kubaki Nairobi akawa nyota wa mjini. Akaenda kuanza shule upya, Chuo Kikuu cha Yale, shahada ya uzamili ya uigizaji, miaka mitatu. Huko, mwaka wa kwanza, katika igizo la Eclipsed la Danai Gurira, akapewa kuwa mwigizaji wa akiba.

Mwigizaji wa akiba anameza mistari yote, anajifunza kila hatua, halafu anakaa pembeni kila jioni akisikiliza mwingine akipigiwa makofi. Akiumwa mwenye nafasi, unaingia. Asipoumwa, huingii. Hakuna nafasi inayopima moyo wa mtu kama hiyo.

Mwaka 2015, tayari ana Oscar, na milango ya filamu kubwa iko wazi, Lupita alirudi kwenye igizo lilelile katika ukumbi wa Public Theater, New York, safari hii akiwa ndiye mwenye nafasi. Mwaka uliofuata likapanda Broadway, zile kumbi kubwa za maigizo za New York, waigizaji wote wanawake weusi, na mwandishi na muongozaji pia, jambo ambalo Broadway haikuwahi kuliona. Akapendekezwa kuwania Tony, tuzo ya maigizo ya Broadway. Nafasi yenyewe ni ya msichana asiye na jina, aliyenaswa katika vita vya Liberia. Nafasi aliyoikalia akiba akiwa mwanafunzi ilimkaa moyoni miaka sita.

Nawaambia haya nikiwa na kidonda changu. Mwaka wangu wa tatu nilikuwa akiba katika igizo la afya ya mama na mtoto tulilokuwa tunazunguka nalo. Tulipofika Nzega, dada aliyekuwa mhusika mkuu sauti ilimkauka kabisa kwa vumbi la njiani. Nikaambiwa niingie. Mistari nilikuwa naijua kwa kuisikia. Miguu sikuwa naijua. Sikujua nasimama wapi mume anapoingia, natoka upande gani, beseni naliweka wapi. Nikaanza kufikiria miguu, na maneno yakanitoka. Nilisimama pale mbele ya kina mama waliofunga kazi zao kuja kutusikiliza, kimya, mpaka mtoto wa shule aliyetuona asubuhi, aliyekaa chini mbele kabisa, akautamka ule mstari kwa sauti ndogo. Niliushika nikaendelea. Usiku ule sikulala. Wale kina mama walikuwa na haki ya kupata igizo zima, nami niliwapa nusu.

Tangu hapo kila anayeingia kikundini ananunua daftari kubwa na kuligawa ukurasa kwa ukurasa. Kushoto maneno. Kulia miguu na mikono: wapi nasimama, nimeshika nini, namtazama nani, ninaposikia neno gani nageuka. Na kila mmoja ana nafasi ya mwenzake ya akiba. Nitakapowaita ghafla Jumatano moja bila kuwaonya, nitakuwa napima ukurasa wa kulia.

Nikisema mikono, nina maana kubwa. Tazameni filamu iliyompa Oscar, 12 Years a Slave, ambayo usaili wake aliufanya alipokuwa anamalizia Yale mwaka 2012. Anacheza Patsey, mtumwa anayechuma zaidi ya ratili 500 za pamba kwa siku, yaani karibu kilo 227. Wenzetu waliotoka Igunga wameshachuma pamba, wanajua yale maganda makavu yanavyochoma vidole na mgongo unavyogoma kabla ya saa sita. Mwambieni mwenzenu wa Igunga awaeleze kilo 227 ni nini, na mwanamke anayeweza hivyo ana mikono ya namna gani. Halafu mtazameni Patsey ameketi anatengeneza vidoli kwa maganda ya mahindi. Mikono ileile iliyochakaa shambani inafanya kazi laini ya mtoto. Hasemi neno, na wewe umeshajua ana umri gani moyoni.

Kisha kuna ile ya sabuni. Ametoka kwenda shamba la jirani bila ruhusa, na bwana wake amemngoja kwa hasira. Anajitetea huku ameshika kipande cha sabuni, kwa sababu ananyimwa hata sabuni ya kujisafishia. Mara ya kwanza nilitazama uso wake, nikalia. Mara ya pili nilitazama mkono. Kipande kile kinashikwa kama ushahidi, kama mtu anayeonyesha risiti mbele ya mahakama inayojua imeshamhukumu. Nyie mkifundishwa kulia mnakimbilia macho. Jaribuni kuanzia kwenye kile mlichoshika.

Mwaka jana binti mmoja alikuwa mama lishe katika igizo letu, anabeba ndoo tupu huku akisema imemlemea, na hakuna aliyemwamini. Nikamtuma bombani ajaze lita 20, ajitwike, arudi, aseme mstari wake kabla hajaitua. Sauti ikabadilika yenyewe, ikawa fupi, ya mtu anayeokoa pumzi. Hatukuongeza kitu kingine.

Kuhusu sauti ukumbini nitasema kidogo, tutafanya kwa vitendo. Kumbi zetu nyingi ni za bati, na mvua ikipiga huwezi kushindana nayo kwa kupayuka. Punguza mwendo, maliza silabi za mwisho, ngoja.

Kuna jambo lingine la sauti nataka mlijue. Katika filamu ya Us ya mwaka 2019, Lupita alicheza wahusika wawili, na mmoja wao, wa kutisha, alimpa sauti aliyoichota kwa watu wenye maradhi ya misuli ya koo. Wenye maradhi hayo waliumia kuona hali yao imefanywa kitisho, naye akaomba radhi hadharani. Namheshimu kwa hilo kama ninavyomheshimu kwa tuzo. Kwetu huku tumezoea kumchekesha mtazamaji kwa kigugumizi, kwa kiwete, kwa bibi mwenye macho mekundu. Katika kikundi hiki hatutafanya hivyo. Ukipewa mhusika mwenye maradhi, utaenda kukaa na mwenye maradhi hayo, umsikilize, na siku ya igizo atakuwa kiti cha mbele.

Kwa mabinti zangu hasa, na wavulana msikie. Oktoba 2017 Lupita alieleza gazetini jinsi prodyuza mwenye nguvu alivyojaribu kumtumia vibaya mwaka 2011, akiwa bado mwanafunzi. Kama yeye, msomi wa Yale, mambo hayo yalimfika, yatawafika na nyie. Usaili haufanyiki gesti. Usaili haufanyiki usiku. Ukiitwa na mtu yeyote anayesema anatafuta sura mpya, niambie, na utasindikizwa na mwenzako. Kama atakataa usisindikizwe, umeshapata jibu lako. Nafasi ikipotea kwa ajili hiyo, sitakulaumu hata siku moja.

Pia msijipime naye kwa njia aliyopita. Alisoma shule nzuri, nyumbani kwao vitabu vilikuwepo. Wengi wenu mnauza maji stendi au karanga kwenye kituo cha treni asubuhi ndipo mnakuja mazoezini. Anayetaka kusoma zaidi, ipo TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni kule Bagamoyo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafundisha sanaa za maonyesho. Njooni tuangalie pamoja sifa zinazotakiwa, msibaki kukisia. Kikundi chetu hutoa nauli na posho ndogo, si mshahara.

Na lugha. Nawasikia mkibadilisha lafudhi mkiambiwa kuna mgeni wa filamu kutoka Dar. Mnaficha Kinyamwezi chenu, mnaficha Kiha, mnaongea kama watangazaji. Mwaka 2025 Lupita alicheza Viola katika igizo la Shakespeare kwenye jukwaa la wazi la Central Park, New York, na pacha wake jukwaani alikuwa mdogo wake wa damu, Junior. Muongozaji, Saheem Ali, ni mzaliwa wa Kenya. Pale palepale, mbele ya Wamarekani waliojaa, ndugu hao wawili walizungumza Kiswahili. Jambo hili si geni mjini kwetu. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora Boys na baadaye akafundisha St. Mary's hapahapa, alitafsiri maigizo mawili ya Shakespeare kwa Kiswahili. Sauti ya bibi yako wa Sikonge ni mali. Mhusika akiwa mkulima wa tumbaku kutoka Urambo, nataka nimsikie wa Urambo.

Jumamosi tunaanza saa tisa kamili. Kila mmoja aje na daftari lililogawanywa kama nilivyosema, na kipande cha sabuni ya mche. Hatutasema maneno siku hiyo. Mtaingia mmoja mmoja, mmeshika sabuni, na sisi wengine tutakaa kwenye mizizi tuangalie mikono.