Kabla hujalipia hizo kontroli amu, toa springi kwanza

Mkuu, usilipe. Umeuliza amu zipi, yaani ile mikono ya chuma inayounganisha gurudumu na chasisi, ni imara zaidi kwa pikapu uliyoishusha ikae chini, za paipu ya chuma cha kawaida au za kromoli (chuma chenye kromiamu na molibdenamu), na bushi, zile pete za kwenye maungio ya amu na chasisi, ziwe za raba au za plastiki ngumu. Halafu ukaweka maneno ya muuzaji kwamba kila amu "inabeba tani mbili". Hapo kwenye tani mbili ndipo nimeshindwa kunyamaza. Mimi niliuziwa kwa maneno hayo hayo, na amu ya chini ikang'oka kwenye kikombe cha boljointi, ile jointi ya mviringo upande wa gurudumu, nikiwa nimekanyaga breki. Tairi lilijikunja chini ya fenda, pikapu ikasota kwa chasisi mpaka iliposimama. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Fenda, rimu, mpira wa breki, shokapu na nako (kile kipande kinachobeba gurudumu kati ya boljointi ya juu na ya chini) vyote vilikwenda kwa mpigo mmoja.

Muulize huyo muuzaji: tani mbili kuelekea wapi? Juu? Nyuma? Zikiwekwa sehemu gani ya amu? Hata kama kweli aliibana kwenye presi, aliisukuma mara moja, taratibu, upande aliouchagua yeye. Barabarani mambo hayaendi hivyo. Springi inaikunja, breki inaivuta nyuma, kona inaisukuma ndani, na hayo yanarudiwa kila siku maelfu ya mara. Chuma kinaweza kupasuka kwa mzigo mdogo kabisa kuliko ule kilioubeba kwenye presi, ilimradi mzigo huo urudiwe vya kutosha na kuwe na mahali pabovu pa kuanzia ufa.

Tena hesabu yenyewe ni ya kukudanganya. Kama springi imekaa katikati ya amu, kati ya bushi na boljointi, basi gurudumu lenye kilo 600 juu yake linaifanya springi iikandamize amu kwa karibu kilo 1,200. Hapo gari limesimama tu. Na ukifunga breki, tairi linashikwa na barabara chini kabisa, chini ya boljointi zote mbili, kwa hiyo nako inageuka wenzo: boljointi ya juu inasukumwa mbele, ya chini inavutwa nyuma kwa nguvu inayozidi ile ya breki yenyewe pale ardhini. Ndiyo maana yangu ilisubiri breki ndipo iachie.

Lakini breki ilimalizia tu. Kilichoiua amu ile ni kugota, yaani kupanda mpaka mwisho wa nafasi yake na kugonga.

Soma hapa polepole, maana hili ndilo wauzaji hawaligusi. Gari likishushwa kwa springi fupi, nafasi ya gurudumu kupanda inapungua. Tuseme ilikuwa sentimita 9 na sasa zimebaki 3. Tuta ni lile lile na mwendo ni ule ule, ila gurudumu linatakiwa lisimamishwe ndani ya theluthi ya njia, maana yake nguvu ya wastani ya kulisimamisha inakuwa mara tatu. Nguvu hiyo inaingilia pale amu inapogusa kitu kwanza. Amu za kiwandani zina raba ya kugotea na sehemu bapa iliyotengenezwa ili kuipokea. Zile nilizouziwa hazikuwa na sehemu hiyo kabisa. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba gari lililoshushwa "halirukiruki", raba ya nini? Mtu anayeuza kitu kinachoshikilia gurudumu anakujibu hivyo kwa kujiamini kabisa! Mpaka leo nikikumbuka jibu lile damu inanichemka. Alijua, au ilikuwa kazi yake kujua.

Bila raba, paipu ya amu ikawa inagonga ukingo wa chasisi. Rangi ya unga, ile inayopuliziwa kavu kisha kuokwa, ilikuwa nene, ya kupendeza, na chini yake paipu ilikuwa imebonyea na huoni kitu. Kila mgoto ulipeleka mkunjo wake kwenye mshono wa kikombe cha boljointi. Fundi aliponionyesha sehemu iliyokatika, nusu yake ilikuwa kahawia ya kutu na nusu inang'aa. Ile ya kahawia ilikuwa imepasuka zamani, maji yameshaingia. Iliyobaki ndiyo iliyokuwa inashikilia gurudumu langu.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya kuanza kubishana kuhusu aina ya chuma. Weka chasisi juu ya stendi imara, toa springi, funga amu na nako na boljointi, acha shokapu mahali pake. Chukua jeki, pandisha amu taratibu mpaka igome. Angalia ni nini kimegusa kwanza. Jibu halali ni moja tu: raba. Ikiwa ni paipu dhidi ya chasisi, amu hiyo haifai hata kama imetengenezwa kwa chuma cha ndege. Ikiwa ni shokapu iliyofika mwisho wake, nayo haifai, itang'oa kishikio chake kwenye amu. Ikiwa ni boljointi iliyoegemea ukingo wa kikombe chake, hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu shina la boljointi halikuumbwa kukunjwa, na likikatika halitoi taarifa. Rudia zoezi hilo usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho kulia, halafu kushoto, halafu shusha amu mpaka chini kabisa uangalie boljointi tena. Na wale wanaokata raba ya kugotea ili gari likae chini zaidi: raba fupi sawa, bora iguse kabla ya chuma. Kuitoa kabisa, hapana.

Kama unataka kushusha bila kula nafasi yote hiyo, tafuta nako ya kushushia, ile ambayo kiekseli chake cha kushika gurudumu kimepandishwa juu. Gari linashuka, amu zinabaki kwenye pembe zake za zamani. Hakikisha tu rimu haigusi.

Sasa paipu, haraka. Unene wa ukuta si kila kitu. Paipu ya kipenyo cha milimita 38 yenye ukuta wa milimita 3 inahimili mkunjo zaidi kidogo kuliko ya milimita 32 yenye ukuta wa 5, na inatumia chuma pungufu kwa zaidi ya moja ya tano. Kromoli ni ngumu kukatika, ndiyo, ila inapinda kama chuma cha kawaida chini ya mzigo ule ule, na mshono wake unataka mtu anayejua kazi. Mshono ukiwa umekaa juu juu kama uzi wa gundi, bila kuzama kwenye paipu, au umesagwa ukawa laini ili upendeze, achana nao. Ukitaka uhakika, kwangua rangi kuzunguka kikombe, safisha vizuri, upake dawa nyekundu ya kutafutia nyufa, ifute, kisha upulizie ile nyeupe. Ufa utajichora wenyewe.

Ila hayo yote baada ya jeki. Usiniambie kromoli kabla hujapandisha amu. Mwambie muuzaji akupe picha ya amu ikiwa juu kabisa bila springi, ukingo wa chasisi ukionekana, na raba ikionekana imegusa wapi. Akikataa, umeshapata jibu lako. Akiituma, iweke hapa tuiangalie wote kabla hujatoa hela.