Nyanya iliyobebeshwa juu ya bilinganya itaonja bilinganya?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nalima nyanya Kayenze, kando ya ziwa, namwagilia kwa pampu. Misimu miwili mfululizo miche inanyauka ingali mibichi, siku chache imekufa. Muuza miche amenishauri ninunue nyanya zilizobebeshwa juu ya bilinganya, yaani shina la nyanya limeunganishwa kwenye shina lenye mizizi ya bilinganya. Mke wangu anasema zitaonja bilinganya na wateja wa Kirumba watazikataa. Jirani anasema zimechezewa vinasaba. Nani mkweli? Na je, siwezi kubebesha mwenyewe juu ya ndulele au mnanaha unaojiotea shambani?

JIBU: Marahaba. Kabla hujatoa hela, hakikisha miche yako inaugua nini. Kata kipande cha shina la mche unaonyauka, karibu na ardhi, urefu wa kidole. Kining'inize kwenye glasi ya maji safi, usikitikise. Baada ya dakika chache ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka toka kwenye mkato, huo ni mnyauko bakteria. Hakuna dawa ya kupuliza itakayokuokoa, na vimelea vyake hukaa udongoni miaka. Hapo kubebesha kuna maana. Kituo cha Mboga Duniani, chenye makao Taiwan na ofisi Arusha, kimekuwa kikipendekeza bilinganya aina ya EG203 kwa tatizo hilihili, na huhimili pia shamba kutuama maji. Usipoouona uzi huo, usinunue kwanza. Leta mche tuutazame.

Jirani amekosea. Ukibebesha nyanya juu ya kiazi mviringo, juu unachuma nyanya, chini unachimba viazi. Kila upande unabaki na vinasaba vyake, na mbegu ya tunda lile ikiota ni nyanya.

Ila pande hizo mbili husemezana. Mmea kuwa na jeni (kinasaba) ni jambo moja, jeni hiyo kufanya kazi ni jingine. Kupitia mishipa iliyoungana, mizizi hupandisha homoni na RNA, yaani nakala za maagizo ya jeni, na vipande vidogo vya RNA huweza hata kuzima jeni ya upande wa pili. Mwaka 2001 watafiti wa California walibebesha nyanya ya kawaida juu ya nyanya yenye hitilafu ya jeni inayoharibu umbo la majani. Majani mapya ya kikonyo, yaani ile nyanya ya juu, yakatoka na umbo la majani ya nyanya ya chini! DNA ya kikonyo, yaani vinasaba vyake, haikuguswa. Ni RNA iliyopanda.

Sasa ladha. Usifikirie harufu ya bilinganya kupanda kwenye tunda, fikiria maji. Mizizi ya bilinganya huwa inaibania nyanya maji, kwa hiyo matunda huelekea kuwa madogo kidogo lakini sukari yake imekolea. Gharama yake ni tunda kuoza kitako, kwa sababu kalsiamu husafiri na maji. Mwagilia kwa mpangilio, usiruke siku tatu halafu ukafurika. Ukibebesha juu ya nyanya chotara yenye mizizi mikali, mara nyingi mambo hugeuka: mavuno mengi, matunda makubwa, ladha imepwaya. Mke wako angekuwa na hoja kwenye matikiti. Tikiti juu ya boga huweza kutoa nyama ngumu na ladha isiyopendeza.

Mnanaha, hapana kabisa. Sumu zake hutengenezwa mizizini na kupanda juu. Huko Tennessee, Marekani, miaka ya 1960, familia ilipata sumu kwa kula nyanya zilizobebeshwa juu ya mnanaha. Tumbaku ni vilevile: nyanya iliyokaa juu ya mizizi ya tumbaku hukutwa na nikotini majanini. Ndulele nayo iache, kwa kuwa za porini hazifanani, hujui ipi itahimili mnyauko.

Ukinunua, panda kiungo, yaani pale nyanya na bilinganya zilipounganishwa, kikiwa juu ya ardhi, angalau vidole vinne. Ukikifukia, nyanya itatoa mizizi yake yenyewe na bakteria wataingia kwa mlango huo. Hela yako imekwenda. Machipukizi ya bilinganya yanayotokea chini ya kiungo yakate mapema.

Kuhusu ubishi wa nyumbani, panda aina hiyohiyo isiyobebeshwa kwenye ndoo mbili tatu za udongo safi. Zikiiva, mkatie mama vipande vya kila moja bila kumwambia kipi ni kipi.